Nani Atamzika Mgeni? Watu wa Ufipa na Ujirani wa Mjini

Katika Ufipa, nyanda za juu zilizo baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, hadithi ya asili ya dola huanza na kiti. Husimuliwa kwamba Ntatakwa, mfalme wa Milansi, alitoka kwenda kuwinda, na kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kuwa huenda wageni wakafika, na wakifika wasipewe kiti chake. Wageni wakafika kweli: wanawake watatu waliotoka mbali. Wakataka kiti, wakakipata, wakakikalia. Mfalme aliporudi alikuta mambo yamekwisha kuwa. Hadithi haisemi kwamba alichukua mkuki. Husema kwamba walielewana: wageni wakatwaa utawala wa nchi, naye akabaki na Milansi yake na heshima ya mwenyeji wa kwanza, mwenye kuiombea ardhi. Kutokana na wageni wale ndipo ulipotoka ukoo wa Watwa, ambao wafalme wake walitawala Nkansi na Lyangalile, milki mbili za Wafipa. Jina la ile ya kwanza lingali hai katika Wilaya ya Nkasi, ambayo makao yake ni Namanyere, mji uliopo kaskazini-magharibi ya Sumbawanga.

Mataifa mengi hujisimulia kuwa yalizaliwa na shujaa aliyewafukuza wageni. Ni machache yanayokiri kwamba yalizaliwa siku mgeni alipopewa pa kukaa kinyume cha amri ya mwenye nyumba. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa tangu 1962 hadi 1964, aliifanya hadithi hiyo kuwa nguzo ya kitabu chake cha 1981 juu ya kuundwa kwa dola ya Wafipa. Alichokiona vijijini kilimshangaza vilevile. Kijiji cha Kifipa hakikuwa kijiji cha ukoo mmoja. Watu wasiokuwa na nasaba waliishi ubavu kwa ubavu, na heshima ya mtu ilipimwa kwa namna alivyojua kukaa na wenziwe, kuzungumza nao jioni na kula nao, zaidi ya ilivyopimwa kwa babu zake. Hata jina lenyewe la Wafipa, kwa maelezo yake, walipewa na wafanyabiashara wa safari za mbali, na maana yake ni watu wa kwenye mteremko wa mlima.

Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1880 na kuonana na mfalme Kapufi, alikuta nchi tulivu ya wakulima, wafumaji wa nguo za pamba na wahunzi. Chuma kiliyeyushwa katika matanuri marefu ya udongo, na kutokana na chuma hicho yakafuliwa majembe; na kwa majembe hayo wanawake na wanaume waliinua matuta ya duara waitayo intumba, ambayo ndani yake majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Haikuwa nchi isiyojua balaa. Wangoni walikuwa wamekwisha ipitia, na Zwangendaba, kiongozi aliyewaongoza kutoka kusini ya mbali, alifia Ufipa mnamo 1848. Lakini Wangoni walitawanyika wakenda zao, na majembe yakaendelea.

Waswahili wana usemi usiohitaji kufasiriwa kwa msomaji wa pwani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu husemwa kwa mzaha, kumkumbusha mgeni kuwa ukarimu una mwisho. Kwa watu wa Namanyere na vijiji vyake usemi huu ulikuja kugeuka upande wa pili katika karne ya 20, pale wao wenyewe walipokuwa wageni na kukabidhiwa majembe ya watu wengine.

Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898 na kuendelezwa na Waingereza, ilidai fedha ambayo Ufipa haikuwa nayo. Reli ilikuwa mbali, mazao hayakuwa na soko la karibu, na kilichokuwa tayari kuuzwa ni nguvu za vijana. Wengine walishuka hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine wakapelekwa Tanga kukata mkonge, hasa baada ya wenye mashamba kuunda shirika lao la kuajiri watu, SILABU, mwaka 1944. Hao ndio waliokuja kuitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na msimamizi aliijua namba kabla ya jina. Pengo baina ya mtu huyo na yule aliyekuwa akisikilizwa barazani kwao jioni kwa ufasaha wa maneno yake halipimiki kwa maili.

Safari yenyewe ilikuwa shule ya kwanza. Mtu wa Namanyere aliweza kuuteremka ukingo wa nyanda hadi Kipili au Kirando, akaingojea meli ya Liemba. Meli hii ilikuwa ya kivita, mali ya Wajerumani, iliyoitwa Graf von Götzen. Ilishushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi ya amani chini ya jina ambalo watu wa kusini mwa ziwa waliliita ziwa lao. Liemba ilimfikisha Kigoma, na Kigoma ndipo ilipokomea reli ya kati, iliyofika huko mwaka 1914. Sitahani usiku, baina ya magunia ya dagaa na kuku waliofungwa miguu, Mfipa alilala bega kwa bega na Mbende, Mtongwe, Mha na Mmanyema. Kiswahili alichokisikia hapo hakikuwa kile cha mashairi ya Mombasa au Pemba, lakini kilitosha kuombana maji na kuulizana jamaa.

Mjini, hata hivyo, hakuna sitahani. Kila mtu ana mlango wake.

Sensa ya 1948 iliikuta Dar es Salaam na watu 69,277. Ile ya 1957 ikakuta 128,742, yaani karibu maradufu katika miaka tisa, na wengi wa waliozidi walikuwa wageni wa bara. Mwaka 1956 na 1957 J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa mji ule, uliochapishwa mwaka 1963. Ni kitabu cha mtawala, na mara nyingine huwatazama watu kama mtu anayehesabu mifugo ya jirani. Lakini masikio yake yalikuwa wazi. Alisikia kwamba vyama vya makabila mjini vilikuwa na nguvu ndogo kuliko vilivyodhaniwa, na kwamba jambo lililowarudisha watu katika vyama hivyo, hata waliokuwa wamekwisha visahau, lilikuwa mazishi. Kazi mtu aliweza kuitafuta peke yake. Chumba aliweza kukipanga Kariakoo au Ilala kwa mwenye nyumba wa Kizaramo au wa Kimanyema. Mke aliweza kumpata. Kaburi lake, hakuna awezaye kujichimbia.

Wafipa mjini walikuwa wachache, na uchache huu ndio unaoifanya habari yao istahili kuandikwa. Mzaramo akifia Dar es Salaam alifia kwao. Mnyamwezi alikuwa na wenziwe kwa maelfu, na mapito yao ya kwenda pwani yalikuwa ya zamani kuliko mji wenyewe. Mtu aliyetoka nyanda za Ufipa angeweza kukaa mwaka mzima asikutane na msemaji wa Kifipa. Kwa mtu kama huyo, ushauri wa kukaa na watu wa kwenu ulikuwa maneno matupu. Ilimpasa aingie katika taratibu zilizokwisha wekwa na wengine kwa ajili ya watu wasiojuana, na kati ya hizo hakuna iliyokuwa ya ajabu kama utani.

Utani umeandikwa mengi. Moreau aliufanyia utafiti katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya mijaledi kadhaa juu yake, kabila kwa kabila. Asili yake hutajwa kuwa vita vya zamani au safari za misafara: watu waliopigana, au waliopitia katika nchi ya wenzao kwa njaa na kiu, waliugeuza uadui kuwa haki ya kutukanana bila ya kukasirikiana. Wanyamwezi na Wazaramo ni mfano unaojulikana na kila mtu. Mtani aweza kukunyang'anya kofia njiani, akakuita mtumwa wake, nawe ukacheka. Lakini siku ya msiba mzaha hubeba jembe. Mtani ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayethubutu kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, namna alivyokwenda na namna alivyokuwa bahili. Ndiye anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na maiti huzikwa na mtu asiye wa damu yake.

Mpenzi wa ushairi hatashangaa sana. Pwani na visiwani kuna malumbano, ambapo washairi wawili hurushiana maneno makali ndani ya mipaka ya vina na mizani, na ukali huo ukawa ndio ushahidi kwamba wanaheshimiana. Asiyekujua hana haja ya kukutukana kwa ufundi. Utani ulimpa mgeni kitu ambacho upole mtupu wa mjini haukuweza kumpa, yaani mtu mwenye haki juu yake.

Kule Rhodesia ya Kaskazini, jambo la jamii hiyo hiyo lilionekana likiwa na umbo la ngoma. Mwaka 1951, katika mji wa migodi wa Luanshya, J. Clyde Mitchell aliwatazama vijana wa Kibisa wakicheza kalela. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wakaimba sifa za nchi yao na kejeli za makabila mengine yaliyosimama pale pale yakiwatazama. Mitchell alieleza kwamba migodini kabila halikuwa tena nchi na mfalme. Lilikuwa njia ya kumtambua mtu usiyemjua ili ujue umwambie nini, na umtanie vipi. Kabla ya hapo, katika mgomo wa wachimba shaba wa mwaka 1935, serikali ilikuwa imevishuku vyama vya mbeni kuwa ndivyo vilivyopeleka habari kutoka kambi hadi kambi.

Mbeni hiyo ni beni yetu sisi wa mwambao, iliyokwenda safari ndefu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, aliifuata tangu Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kwenye tarumbeta, sare na vyeo vya kubuni, hadi Tanga, Dar es Salaam na bara kabisa, ilikopelekwa na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliowacheka watu wa beni kwa kujiita majenerali na magavana hawakuuona upande wa pili wa daftari. Marini na Arinoti, vyama vyake viwili vikubwa, vilimpokea mwanachama aliyefika mji mgeni, vikamlisha, vikamuuguza, vikamzika. Arinoti ndiyo iliyowachukua zaidi wachukuzi na vibarua kutoka bara, wale ambao makarani wa Marini waliwaona washamba. Nguo ya jenerali wa Jumapili ilikuwa ni risiti ya sanda.

Kwa Mwislamu wa pwani, suala la nani atamzika mgeni lilikuwa na jibu kabla ya kuulizwa. Kuzika ni fardhi kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine huondokewa na deni, ikiachwa na wote, wote wamekosa. Maiti ya mpita njia asiyejulikana jina huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa na watu wa mtaa. Leslie aliona kwamba wengi wa waliotoka bara waliingia Uislamu baada ya kufika Dar es Salaam, na kwamba kutaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wa mji kulikuwamo katika sababu zao. Yapo maneno ya kejeli yaliyosemwa juu ya uongofu wa namna hiyo. Lakini mtu anayechagua jamaa ambayo haitamwacha barabarani hajafanya uchaguzi mdogo, na dini iliyompa hilo haikumpa kitu kidogo.

Mfipa, mara nyingi, alifika akiwa na dini yake nyingine. Mapadri Weupe walikuwa Karema, kando ya ziwa, tangu 1885, na kutoka huko Ukatoliki ulipanda nyanda hadi ukawa desturi ya nchi. Kathleen Smythe, aliyeandika juu ya familia za Nkansi tangu 1880 hadi 1960, ameonyesha jinsi misheni ilivyokuwa kwa vijana wengi nyumba ya pili ya malezi. Hivyo mjini alikuwa na kanisa la kwenda: la Mtakatifu Yosefu lililokamilishwa 1902, au Msimbazi. Tatizo ni kwamba katika kanisa la mamia ya watu mtu aweza kuhudhuria miaka kumi bila ya mwenziwe wa benchi kujua anapoishi.

Baada ya uhuru mambo mawili yalibadilisha sura ya mitaa. Serikali haikuvipenda vyama vya kikabila, na vingi vilinyauka. Mahali pake, tangu katikati ya miaka ya 1960, TANU iliweka mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Balozi alikuwa jicho la chama; hilo lisifichwe. Ilipofika 1983 na sheria ya Nguvu Kazi, iliyowakamata wasiokuwa na kazi inayotambulikana ili warudishwe vijijini, kujulikana na balozi kuliweza kumwokoa mtu au kumwangamiza. Lakini balozi huyo huyo ndiye aliyegonga milango kumi usiku kutangaza kwamba katika nyumba ya sita pana msiba, na milango hiyo haikuulizwa kabila. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1970 kulijenga kanisa juu ya jumuiya ndogondogo, kaya chache zinazokutana kusali nyumbani kwa zamu. Utaratibu huo ungeweza kubuniwa Ufipa: watu wasiokuwa na nasaba, wanaozungumza pamoja uani. Na kutoka 1992 hadi 2019 askofu mkuu wa Dar es Salaam alikuwa Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye, kijiji cha nyanda hizo hizo.

Mji nao ulimpa mtu wa Rukwa utani wake mwenyewe, usiotokana na vita wala misafara. Jina Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni tupa uchawi. Jiji limeusahau utupaji likashika uchawi, na hakuna mtu kutoka Rukwa aliyefika Dar es Salaam asiulizwe kama amesafiri kwa basi au kwa ungo. Wapo wanaokereka, na wana haki, kwani mzaha wa uchawi umewahi kuwaponza wazee wasio na hatia katika sehemu nyingi za Tanzania. Wapo pia waliojifunza kuutumia: anayekutania kwa ungo amekwisha kukupa nafasi ya kumjibu, na mkishajibizana mara tatu hamko tena wageni.

Siku hizi jina la utaratibu wote huu ni chama cha kufa na kuzikana. Jiji lililokutwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 lilikuwa na 5,383,728 miaka kumi baadaye, na vyama hivyo vimo mitaani, maofisini, misikitini na makanisani. Kuna daftari, katiba ya kurasa chache, kiingilio, mchango wa mwezi, turubai na viti. Asiyehudhuria misiba ya wenzake hutozwa faini, na akizidi jina lake hufutwa. Wenye moyo wa kishairi huona ubaridi katika hesabu hii, kana kwamba huzuni imewekewa bei. Ubaridi upo. Maskini kuliko wote, asiyemudu hata mchango, hubaki nje, na hapo utani wa kale ulikuwa na huruma zaidi, kwani mtani hakuulizwa stakabadhi. Lakini daftari lina fadhila moja ambayo ukoo hauna: jina la mtu wa Namanyere huandikwa chini ya jina la mtu wa Newala kwa sababu tu alijiandikisha siku ya pili.

Suala linalogawa vikao vya msiba ni wapi azikwe. Wazee nyumbani humtaka. Na kutoka Dar es Salaam hadi Ufipa ni zaidi ya kilomita 1,100. Zamani, kabla ya lami kutoka Tunduma kufika Sumbawanga katika miaka ya 2010, jibu lilikuwa jepesi kwa uchungu wake: aliyefia pwani alizikwa pwani, na habari ilifika kwa barua. Sasa maiti yaweza kufika, kwa gharama inayoweza kuumaliza mfuko wa chama mzima kwa siku moja. Majirani waliochanga hujikuta wamelipia kaburi ambalo hawatalitembelea. Wengine husema afadhali Kinondoni, ambako waliomjua miaka thelathini ya mwisho wanaweza kufika kwa daladala na kupalilia. Wengine hujibu kwamba mtu hana haki ya kumnyima mama kaburi la mwanawe. Pande zote mbili huwa zinalia.

Huko Namanyere kwenyewe mambo yamegeuka tena. Mji wa makao ya wilaya una walimu, waganga na makarani waliopangiwa kutoka kila upande wa nchi, na wafanyabiashara waliofuata barabara. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia Rukwa na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa sasa, na ugomvi wa malisho na mashamba umekuja pamoja nao. Mwenye nyumba ya kupangisha mjini Namanyere leo ndiye anayesikiliza lafudhi ya mgeni mlangoni na kumkadiria ametoka wapi. Kati ya wapangaji wake wamo wasiokuwa na ndugu wa karibu zaidi ya Mwanza au Moshi. Matuta ya intumba yangali yakiinuliwa pembezoni mwa mji kwa majembe ya dukani, kwani matanuri ya chuma yalizimwa zamani, na jembe huazimwa kwa jirani bila ya kuulizwa ni la kuchimbia nini.